Mfuate Ng'ombe, Utamkuta Mwenyewe

Katika toleo lililopita tuliwaomba wasomaji watuletee maswali kuhusu kutafuta habari za mababu waliofuga ng'ombe wa maziwa kabla ya 1900. Barua nyingi ziliuliza jambo moja kwa maneno tofauti, kwa hiyo tumezijibu pamoja. Zilizobaki tumezijibu moja moja.

Swali: Shikamooni wahariri. Tunaishi Nakuru lakini kwetu ni upande wa Mosoriot, Nandi. Babu yake babu yangu inasemekana alikuwa na ng'ombe wengi wa maziwa na kwamba aliwapoteza wakati wa sotoka, ule ugonjwa wa ng'ombe. Jina lake tunalo: arap Koech. Nimetafuta kwenye intaneti sijapata kitu. Nianzie wapi? – *Kilembwe, Nakuru*

Jibu: Marahaba. Anzia kwenye hilo jina, maana ndilo linalokupoteza. "Arap Koech" ni jina linalokuonyesha baba wa mtu. Maana yake ni mwana wa Kipkoech. Kwa hiyo mkononi una watu wawili: Kipkoech, ambaye jina lake unalijua, na mwanawe mwenye ng'ombe, ambaye jina lake la kuzaliwa hulijui bado. Ndugu zake wote wa kiume waliitwa arap Koech vilevile baada ya kutahiriwa. Wanawe hawakuitwa hivyo. Wao walichukua jina lake yeye. Mzee akiitwa Kiprotich, wanawe ni arap Rotich, na wajukuu wake wana arap nyingine kabisa.

Basi kila arap ni ngazi moja ya kupanda. Andika wazee wote wa ukoo unaowajua, na mbele ya kila mmoja andika arap yake. Hapo majina ya kizazi cha juu yatajitokeza yenyewe. Mkanganyiko uliingia pale kipande, shule na baadaye kitambulisho vilipoyagandisha majina. Familia iliyoandikwa "Koech" mwaka 1935 ikabaki Koech hadi leo, ingawa arap Koech wa kweli huenda alikuwa babu na si babu wa babu. Kosa tunaloliona mara nyingi ni watu wawili wa vizazi viwili kuunganishwa wakawa mtu mmoja aliyeishi miaka 120. Ukiona mhenga wa umri huo kwenye mchoro wako wa ukoo, rudi ukague arap.

Majina ya kuzaliwa nayo yana habari. Kiprotich ni mtoto aliyezaliwa ng'ombe wakirudi zizini jioni, Kipng'etich ni wa ng'ombe wakitoka asubuhi kwenda malishoni. Usiyachukue kuwa ushahidi kwamba baba alikuwa tajiri wa mifugo. Yanaeleza saa ya kuzaliwa, na hata mwenye ng'ombe watatu aliwatoa asubuhi.

Hatua ya pili ni rika. Usimuulize mzee "alizaliwa mwaka gani?" Muulize "alikuwa ibinda gani?" Kwa Wanandi marika ni saba na huzunguka: Maina, Chumo, Sawe, Kipkoimet, Kaplelach, Kimnyige, Nyongi, kisha Maina tena. Kila rika huchukua takriban miaka 15, kwa hiyo jina moja hurudi baada ya karne moja na ushei. Hapo ndipo vijana wengi huteleza. Wanasikia "Kaplelach", wanamkumbuka mjomba wao aliyetahiriwa baada ya uhuru, wanamweka mhenga wao huko. Dawa yake ni kuhesabu kwenda nyuma kutoka kwa mtu unayemjua kwa hakika, rika baada ya rika, bila kuruka. Halafu pima kwa kanuni hii: kati ya rika la baba na la mwanawe kwa kawaida hupita angalau rika moja zima. Ukipata baba na mwana katika marika yanayofuatana, kuna mtu umemsahau au umemweka pasipo pake. Na kama upande wa mama yako ni Wakipsigis, kumbuka wao wana Korongoro katika orodha, kwa hiyo usihamishe hesabu ya Nandi kwao moja kwa moja.

Baada ya rika, tia misumari ya matukio. Sotoka iliyoua ng'ombe wa Afrika Mashariki ilipita takriban 1890 na 1891, na ndui ikafuata maeneo mengi. Mumias ilipata kituo cha Waingereza 1894. Reli ilifika Nakuru 1900 na Kisumu Desemba 1901. Vita vya Nandi vilidumu kwa vipindi kuanzia 1895, na Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi, aliuawa tarehe 19 Oktoba 1905. Baada ya hapo majeshi yalichukua ng'ombe kwa maelfu. Tofauti hii ni kubwa katika swali lako: mzee "aliyepoteza ng'ombe" huenda aliwapoteza kwa ugonjwa, au kwa bunduki miaka 15 baadaye, na kumbukumbu ya ukoo hupenda kuyafumbata haya mawili pamoja. Swali la kutenganisha ni jepesi: je, walikufa zizini, au waliondoka wakiwa hai?

Sasa tufike mahali penyewe. Karatasi za mfugaji wa karne ya 19 huku kwetu hazipo kwa sababu hakuna aliyeziandika. Ng'ombe wake lakini waliacha njia, na njia hiyo bado inatembeleka. Muulize mzee, na hasa mama mzee, mambo haya kwa utaratibu wake. Ng'ombe wa mahari ya bibi walitoka zizi la nani? Walipofika, waligawiwa nyumba gani? Kwa Wanandi ng'ombe walihesabiwa kwa nyumba ya kila mke, na mwana alirithi kupitia nyumba ya mamake, kwa hiyo ugomvi wa urithi wa 1930 unaweza kukutajia wake wote wa mtu aliyekufa 1900. Kisha uliza juu ya kimanagan. Mwenye ng'ombe wengi hakuwaweka wote kwake. Aliwakabidhi marafiki wa kokwet, yaani vitongoji, za mbali. Mlezi alikunywa maziwa, ndama wakabaki mali ya mwenyewe. Ugonjwa au wavamizi wakipita, hawamalizi mali yote. Deni la namna hiyo halisahauliki upesi. Kuna familia ya pili, pengine mbali na kwenu, inayokumbuka jina la mhenga wako vizuri kuliko ninyi kwa sababu ilikunywa maziwa yake. Waulizeni wazee: ni kwa nani tuna ng'ombe, na nani ana ng'ombe kwetu?

Rekodi mazungumzo kwa simu, kwa lugha ya mzee mwenyewe, si kwa Kiswahili cha kumsaidia msikilizaji. Kaeni vikao viwili vifupi badala ya kimoja kirefu. Kikao cha pili ndicho chenye mali, maana usiku wa kati mzee amekumbuka. Mwanzoni mwa kila rekodi taja tarehe, mahali, na nani alikuwa chumbani. Vijana walioko kando huwa wanamkatiza mzee kwa kumpa majibu, na baadaye hutajua lipi lilikuwa lake.

Ndipo karatasi. Mpaka Aprili 1902 eneo lote hili, pamoja na Kisumu, lilikuwa Jimbo la Mashariki la Uganda, kwa hiyo faili za mwanzo kabisa utazikuta Uganda au kwenye makavazi ya Uingereza huko Kew, si Nairobi. Kuanzia hapo nenda Makavazi ya Kitaifa, lile jengo la Moi Avenue karibu na sanamu ya Tom Mboya. Beba kitambulisho, lipa ada ndogo ya msomaji, omba katalogi za wilaya. Nandi ni DC/NDI, Kericho DC/KER, Kisumu DC/KSM, Nakuru DC/NKU, na Mkoa wa Nyanza wote ni PC/NZA. Faili za chini ya miaka 30 kwa kawaida hazifunguliwi, lakini hizo si shida yako. Kabla ya kusafiri Nairobi, uliza kwanza kwenye vituo vyake vya Nakuru, Kisumu na Kakamega.

Usitafute jina la babu kwenye katalogi, hutalipata. Tafuta aina ya faili. Zenye faida ni tatu: madaftari ya kisiasa ya wilaya, ambamo mabwana D.C., yaani wakuu wa wilaya, waliandika koo na machifu. Faili za karantini ya mifugo. Na kesi za mabaraza ya wenyeji zilizosalia. Hizi za mwisho ndizo asali. Mtu aliyemshtaki mwenzake 1928 kwa mtamba mmoja wa mahari alisimama mbele ya baraza akasimulia mtamba huyo alizaliwa na nani, nyanyake alitoka zizi gani, na nani alimleta. Karani akaandika. Ukoo wa ng'ombe mmoja katika kesi kama hiyo unaweza kuvuka nyuma ya 1900 ukiwa umebeba majina ya watu watano.

Soma kwa majina ya zamani. Wakipsigis wameandikwa Lumbwa, Wakeiyo ni Elgeyo, Watugen ni Kamasia, Wabukusu ni Kitosh, Waluo na Waluhya wote ni Kavirondo, na Kisumu ni Port Florence. Majina ya watu yaliandikwa kwa sikio la karani: Kipkoech anaweza kuwa Kibkoich, Kipkoitch, hata Koij. Tamka kwa sauti kila neno usilolielewa. Na kabla ya kupiga picha ukurasa, piga kwanza picha ya jalada lenye namba ya faili. Picha mia tatu zisizo na namba hazina faida kwa mtu yeyote, hata kwako.

Swali: Kwetu ni Njoro. Tunaambiwa baba wa babu alikuwa na deri ya maziwa hapa hapa mwaka 1885 na akapeleka maziwa KCC, kile kiwanda cha ushirika cha maziwa. Tutapata wapi leseni yake? – *Wajukuu, Njoro*

Jibu: Hamtaipata. Mwaka 1885 nyanda hizi zilikuwa malisho ya Wamaasai, na misitu ya juu ilikuwa ya Waogiek. Wamaasai waliondolewa Bonde la Ufa kwa mkataba wa 1904, masetla wakaingia, Lord Delamere akiwa mmoja wa wa kwanza hapo Njoro. KCC iliundwa 1925, tena Naivasha. Kuna mambo mawili yanayowezekana. Ama mhenga wenu alikuwa Mmaasai au Mogiek aliyelisha hapo kweli, bila leseni na bila deri, ama alizaliwa kwingine katika miaka ya 1880 akaja baadaye kama mskwota kwenye shamba la Mzungu. La pili ndilo la kawaida zaidi Njoro, Elburgon na Molo.

Kama alikuwa mskwota, ulizeni kuhusu kifagio. Ndilo jina masikwota wenyewe walilolipa zoezi la masetla kufagia mifugo yao mashambani katika miaka ya 1920. Kama familia inakumbuka "ng'ombe walipofagiwa", mnajua alikuwa shambani kabla ya hapo, na kwamba alikuwa na ng'ombe wake mwenyewe wa kukama kando ya wa bwana. Sheria ya 1918 ilimtaka mskwota afanye kazi siku 180 kwa mwaka ili akae na kulisha. Kipande chake, kile cha kwenye kikopo cha chuma shingoni kilichosambazwa kuanzia 1919 na 1920, kiliandikwa jina, kabila, alama za vidole, mwajiri na mshahara. Fungueni masanduku ya bibi. Vipande vimekutwa ndani ya Biblia, na kimoja tuliletewa kikiwa kimefungwa pamoja na risiti za kodi.

Swali: Nikisikia "mkulima wa maziwa" wa zamani nawaza lita nyingi kama za Friesian wa jirani yangu, Rongai. Mtu wa 1880 mwenye ng'ombe kumi alipata maziwa kiasi gani hasa? – *Msomaji, Rongai ya Nakuru*

Jibu: Kidogo, na hesabu yake inasaidia kukagua masimulizi. Zebu wa kienyeji, baada ya ndama kunyonya, humwachia mkamaji lita moja hadi mbili kwa siku. Hukamika kama miezi saba. Kati ya ndama mmoja na mwingine hupita mwaka na nusu au zaidi. Sasa gawanya: miezi 7 kwa 18 ni chini kidogo ya mbili kwa tano, yaani kati ya majike kumi wazima wanaokamwa kwa wakati mmoja ni wanne hivi. Wanne hao wanakupa lita nne hadi nane kwa siku msimu wa mvua. Kiangazi kikikaza, punguza nusu.

Familia yenye wake wawili na watoto wanane haikushiba kwa hizo. Ndiyo maana palikuwa na wimbi na mtama, na kwa Wakalenjin damu iliyotolewa mshipa wa shingo kwa mshale wenye kizuizi ili usizame. Ukiambiwa mhenga "aliishi kwa maziwa tu", basi alikuwa na majike si kumi bali arobaini au hamsini, na swali linalofuata ni nani aliwachunga, maana mtu mmoja hawezi. Hapo unarudi kwenye kimanagan, au kwa wachungaji vijana waliohamia kambi za ng'ombe.

Jambo moja zaidi ambalo wafugaji wa gredi hulisahau. Zebu hashushi maziwa bila ndama wake mbele yake. Ndama hunyonya kidogo, hutolewa, mkamaji huchukua, kisha ndama hurudishwa amalize. Ndama akifa, maziwa hukatika, isipokuwa ngozi yake ikaushwe na kuwekwa puani mwa mama ailambe wakati wa kukamwa. Kwa hiyo sotoka ilipoua ndama, hata majike waliopona walikauka. Njaa iliyofuata haikutokana na ng'ombe waliokufa peke yao.

Swali: Mimi ni mkaza mwana wa boma moja karibu na Maseno. Baba mkwe ameniomba niandike habari za babu yake, mfugaji, kwa sababu eti mimi ndiye nimesoma. Nina majina mengi ya Otieno na Onyango mpaka nimechoka. Nitawatofautishaje? – *Nyar Alego*

Jibu: Umejijibu kwa jinsi ulivyotia saini, dada. Kwa Waluo mwanamke aliyeolewa huitwa kwa kwao: nyar Alego (binti wa Alego), nyar Seme, nyar Kano. Otieno wako ni saa ya kuzaliwa, yaani usiku, na Onyango ni asubuhi jua likipanda. Tena watoto huitwa majina ya waliokufa, ndiyo maana yanarudi. Usiwapange kwa majina yao. Wapange kwa mama zao. Otieno mwana wa nyar Kano na Otieno mwana wa nyar Seme hawachanganyiki tena. Chora boma: mkewe wa kwanza nyumba ya juu mkabala na lango, wa pili na wa tatu pande zake, zizi katikati. Andika watoto na ng'ombe wa kila nyumba. Jokakwaro, yaani watu wa babu mmoja, watakusahihisha wakiuona mchoro kuliko wakisikia orodha.

Kisha mwombe baba mkwe akupeleke kwenye gunda, lile boma la kale lililoachwa. Nenda mwanzo wa mvua. Mahali palipokuwa zizi kwa miaka mingi majani huota ya kijani kilichoiva kuliko pembeni, kwa sababu ya samadi, na ojuok (minyaa) za uzio wa zamani huenda bado zinaonyesha mstari. Pima kwa hatua upana wa duara hilo. Zizi la hatua 12 na zizi la hatua 40 si la mtu mmoja.

Kwa karatasi, jaribu madaftari ya ubatizo. Wamisionari wa Mill Hill walianza Kisumu 1903, na wale wa CMS (Waanglikana) Maseno 1906. Aliyezaliwa 1870 huenda hakubatizwa kamwe, lakini mwanawe alibatizwa akiwa mtu mzima, na kwenye mstari wa baba ndipo utamkuta unayemtafuta. Umri ulioandikwa ni wa kukisia, usiutegemee. Mwandikie barua paroko au kasisi kwanza, ueleze miaka unayotaka, na uende siku ambayo si Jumapili.

Swali: Mume wangu alizaliwa Nakuru lakini ukoo wa baba yake ni wa Uingereza. Wanasema mhenga wao alikuwa mkulima wa maziwa huko Dorset miaka ya 1860. Naweza kutafuta nikiwa hapa Kisumu? – *Mama wa mapacha, Milimani*

Jibu: Unaweza, na kazi yako ni rahisi kuliko ya wengine wote ukurasa huu. Huko karatasi ziko tele, taabu ni kuchagua. Anza na cheti cha ndoa, si cha kuzaliwa. Uandikishaji wa serikali England na Wales ulianza Julai 1837, na cheti cha ndoa hutaja jina na kazi ya baba wa bwana harusi na wa bibi harusi pia, yaani kizazi kingine bure. Faharasa yake unaisoma kwenye tovuti za FreeBMD na FamilySearch bila malipo. Cheti chenyewe ndicho hulipiwa.

Halafu sensa za kila miaka kumi, 1841 hadi 1921. Ile ya 1841 ina mtego: umri wa waliozidi miaka 15 ulishushwa hadi tano ya chini, kwa hiyo "35" ni mtu wa 35 mpaka 39. Kuanzia 1851 hadi 1881 mkulima huandikiwa ekari na idadi ya watu aliowaajiri, na hapo utapima ukubwa wake sawasawa. Lakini soma neno la kazi kwa makini. *Farmer* alishika shamba. *Cowkeeper* mara nyingi alikuwa mtu wa mjini mwenye banda na ng'ombe wachache, akiuza maziwa mlangoni. *Dairyman* wa Dorset huenda hakuwa na ng'ombe hata mmoja: alikodi ng'ombe wa mkulima kwa bei ya kila kichwa kwa mwaka, akakama, akatengeneza siagi na jibini, akauza. Akihama kila baada ya miaka michache usishangae. Ni mkataba uliokwisha. Wosia wa kuanzia 1858 uko katika faharasa moja ya taifa, nao wakati mwingine hutaja mifugo na vyombo.

Kuna jambo litakalokufurahisha, au kukuhuzunisha. Sotoka ile ile iliyowamaliza ng'ombe wa Nandi ilikuwa imepita England mwaka 1865 na 1866. Ukimkuta mkulima wa 1861 akiwa na ekari 90 na mwaka 1871 ni kibarua, angalia magazeti ya wilaya yake ya miaka hiyo miwili kabla hujamlaumu kwa pombe.

Kwa upande wa huku, tafuta ilani za mirathi katika *Kenya Gazette*, ambalo limechapishwa tangu 1899 na matoleo ya kale yako intaneti. Kuzaliwa na kufa kwa Wazungu kuliandikishwa kwa lazima kuanzia 1904, miongo mingi kabla ya kwetu.

Swali: Kipimo cha DNA je? – *Kakamega*

Jibu: Pesa yako iweke. Mhenga wa kizazi cha tano juu amekuachia wastani wa asilimia tatu hivi ya damu yako, na kampuni hizo zina sampuli chache za watu wa magharibi mwa Kenya. Utaambiwa wewe ni Mwafrika Mashariki. Ulilijua hilo.

Swali: Bibi ametuachia sotet (kibuyu cha maziwa) la zamani sana, lenye mkanda wa ngozi na shanga. Lina vumbi jeusi ndani na sasa limeanza kutoa unga mwepesi chini. Tulioshe? Tutajuaje umri wake? – *Wajukuu, Kapsabet*

Jibu: Msilioshe! Hilo vumbi jeusi ni mkaa wa mti wa senetwet uliosuguliwa ndani kwa bua ili maziwa yasiharibike na yapate ile rangi ya kijivu ya mursik, maziwa ya kugandishwa. Ni ushahidi kwamba kibuyu kilitumika kweli. Maji huvimbisha ganda, nalo likikauka hupasuka kwenye shingo, na sabuni hukausha ngozi ya mkanda hadi ikatike.

Unga mwepesi ni wadudu wanaotoboa. Hakikisheni: kipigeni kidogo juu ya karatasi nyeupe, mwache, mrudi baada ya siku mbili. Unga mpya ukiwepo, wadudu wako hai. Kifungeni kwa kitambaa cha pamba, kisha mifuko miwili ya nailoni iliyobanwa hewa, mkiweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili kamili. Mkikitoa, msifungue mfuko kwa siku nzima, la sivyo unyevu utaganda kwenye ganda lenyewe badala ya nailoni. Dawa ya kupulizia ya duka msitumie. Huacha mafuta kwenye shanga.

Umri kibuyu chenyewe hakisemi. Cha kukamia kila siku hupasuka baada ya miaka kadhaa, na cha karne moja kimepona kwa sababu kilitundikwa juu ya moshi na hakikushikwa tena. Angalieni marekebisho: nyufa zilizoshonwa kwa kano za mnyama ni za zamani kuliko zilizoshonwa kwa uzi wa nailoni au waya. Kibuyu kimoja kinaweza kuwa na zote mbili, na mkanda unaweza kuwa mpya kuliko kibuyu, au kibuyu kipya kuliko mkanda uliohamishwa kutoka kwa kile kilichovunjika. Pigeni picha kila mshono kwa karibu, na rula kando. Kisha muulizeni dada mkubwa wa bibi kama yuko hai, si kibuyu ni cha mwaka gani, bali kilikuwa cha nyumba ya mama yupi na nani alikishona mara ya mwisho.